Hodi Mlangoni kwa Selina

Selina alipoletwa kituoni kwetu, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa na la kulia lilikuwa linasubiri zamu yake. Hayo si maneno yangu, ni ya daktari wa macho aliyempima kabla hajafika kwetu. Alisema ngumi ndizo zilizoliua la kushoto, ngumi za Selina mwenyewe, na kwamba la kulia nalo limeanza kuharibika kwa ndani. Ngumi moja nzito, alisema, inaweza kutosha. Nilimchukia daktari yule kwa siku kadhaa, kana kwamba yeye ndiye aliyempiga.

Selina alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, haongei hata neno moja, lakini ukimwambia lete ndoo, analeta. Angeweza kukaa asubuhi nzima juu ya mawe nyuma ya kituo, hapo Igombe, akitazama wanawake wakianika dagaa na korongo wakiwavizia. Halafu ghafla dole gumba la mkono wa kulia lingejificha ndani ya vidole vingine, mkono ungekaza, na ngumi ingepanda jichoni. Ikishaanza, ilitaka watu wawili kuushika mkono ule. Mimi nimefundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa miaka mingi. Nimeumwa, nimetemewa mate, nimevuliwa kilemba mbele ya wageni, na yote hayo huwa nayasimulia nikicheka. La Selina sikuwahi kulicheka.

Kituo chetu humpokea mtoto kwa muhula mmoja. Tunatafuta kinacholeta tabia, tunamfundisha njia nyingine, kisha tunamrudisha nyumbani na maelekezo. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo: tusipojua kwa nini anajipiga kabla ya muhula kwisha, Selina atarudi Misungwi kwa babu yake na ngumi zake, na huko atakuwa kipofu.

Tulikuwa watatu na kila mmoja alikuwa na njia yake. Mama Gladness, mkuu wa kituo, anaamini katika kuuliza, maana anayelala na mgonjwa ndiye anayejua mihemo yake. Mimi naamini katika kutazama. Watu husema uongo hata bila kukusudia, macho yangu yananitosha. Rugemalira, mtaalamu wa tabia, Mhaya wa Kamachumu, yeye anaamini katika kujaribu. Unamweka mtoto katika hali moja, kisha nyingine, kisha nyingine, unabadilisha kitu kimoja kimoja, mpaka tabia yenyewe ikuonyeshe inalishwa na nini. Nilikuwa namwita Nshomile, kama wanavyotaniwa Wahaya wanaojivunia shule, naye aliniambia Msukuma akichunga ng'ombe siku nzima hudhani amefanya utafiti. Tulikuwa tunaelewana vizuri tu.

Tukaanza na kuuliza, kwa sababu ni njia ya haraka na haimuumizi mtoto.

Babu yake Selina alikuja na mama wa mtoto. Mzee Mashimba ni mtu ambaye ungempenda, nami nilimpenda. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi, sauti ya taratibu, na alikumbuka kuuliza hali ya kila mtu mpaka mlinzi. Mwanawe, baba yake Selina, yuko machimboni Geita na hurudi anaporudi. Mama Gladness alimpa mzee kiti. Mama Selina alikaa mkekani karibu na mlango, amempa baba mkwe wake ubavu, macho chini, kama anavyokaa mke aliyefundwa. Kwetu usukumani mwanamke hamkodolei macho baba mkwe, na kumpinga mbele za watu ni jambo ambalo lingesimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Mama Gladness aliuliza vizuri, sitamsingizia. Huanza lini? Nani huwa karibu? Mkifanya nini huacha? Mzee alijibu yote bila haraka. Alisema mtoto anataka kuonewa huruma, basi. Akishikwa na kubembelezwa ananyamaza. Kila baada ya jibu Mama Gladness alimgeukia mama na kumuuliza yeye anaonaje, na kila mara mama aliuambia mkeka kwamba ni kama alivyosema baba. Alipouliza kuhusu ndugu zake Selina, mzee alitabasamu kwa huzuni akasema Mungu aliwapa huyu mmoja na wakampokea. Mama Selina akakaza kanga ambayo haikuwa imelegea. Ililetwa chai na maandazi, yeye akanywa chai, maandazi akayafunga kwenye pindo la kanga. Mama Gladness aliuona huo kuwa ni unyenyekevu, akamwongezea mengine ya njiani.

Walipoondoka, Mama Gladness alikuwa na furaha. Watu wawili, jibu moja. Rugemalira alisema kwamba watu wawili katika chumba kimoja huwa ni mtu mmoja. Nilicheka. Ungemtoaje nje mzee wa heshima namna ile ili uzungumze na mkwe wake faragha? Ungekuwa umemtukana, na asingerudi tena. Kwa hiyo tulibaki na jibu hilo, nalo lilitutaka tusimkimbilie Selina anapojipiga, tusimpe huruma anayoitafuta. Jaribu wewe kukaa kwenye kiti huku mfupa unagonga mfupa. Mimi niliweza mara moja tu, tena si mpaka mwisho.

Ikaja zamu yangu ya kutazama. Nilijibanza pembeni ya chumba chake, barazani, uani, nikimfuata kama kivuli. Niliona ngumi zikija zaidi anapoletewa kazi chumbani: shanga za kutunga, nguo za kukunja, vikombe vya kupanga. Mtu anaingia na kazi, dole gumba linajificha. Nikasema huyu anakwepa kazi, hakuna kingine. Rugemalira aliniuliza mbona uani anakunja nguo akiwa ametulia. Nilimjibu kwamba uani kuna upepo wa ziwa na kila mtu hufanya kazi vizuri kwenye upepo. Nilikuwa nimeshalipenda jibu langu.

Kulikuwa na jambo jingine, na nililiona kila siku. Baada ya chakula cha mchana Selina alikuwa akichukua tonge la ugali, analifinyanga vizuri mpaka linakuwa bapa, anakwenda kwenye mlango wa stoo karibu na jiko, anapiga magoti, na kulisukuma kwa chini, kwenye uwazi kati ya mlango na sakafu. Kisha anabaki pale, kiganja sakafuni, anasubiri. Mpishi alilalamika kuhusu siafu. Mwingine alisema ni mchezo, mwingine akasema ni wazimu. Tulipokaa kupanga nini kipimwe, Rugemalira alisema tupime kinachomdhuru, hili halimuumizi mtu. Nikakubali. Tabia isiyouma haina mpimaji, hata kwa wataalamu.

Njia ya tatu tuliigombania. Rugemalira hakuficha gharama yake: ili ujue kinacholeta ngumi, ni lazima uiite ngumi ije. Nilimwambia jicho la mtoto si ubao wa kuandika na kufuta, na nilimwambia kwa hasira, mbele ya watu. Kesho yake alirudi na kofia ngumu iliyowekwa sponji mbele, na shauri jingine. Tusiingoje ngumi. Tutazame dole gumba. Likijificha tu, tunasimamisha kila kitu, anatolewa nje, yamekwisha. Siku hiyo nilimheshimu, ingawa sikumwambia. Mhaya hahitaji kuongezewa.

Akatayarisha chumba kimoja kinachotazama ziwa, chenye mlango wa bluu. Zamu moja Selina alikaa peke yake. Nyingine aliletewa kazi. Nyingine alikuwa na mtu aliyejifanya hana habari naye. Nyingine alipewa kila anachokipenda, na mtu wa kucheza naye. Kabla ya kila zamu Rugemalira alisimama nje, akagonga kidogo, akasema hodi, akangoja, ndipo akaingia kuweka mambo sawa. Ni mtu aliyelelewa.

Matokeo hayakuonyesha kitu. Dole gumba lilijificha kwenye kazi na kwenye mchezo, penye watu na pasipo watu, bila tofauti ya maana. Kuuliza kulisema huruma, kutazama kulisema uvivu, kujaribu kulisema hakuna sababu yoyote nje ya mtoto. Mama Gladness alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu linalofunga mjadala. Alisema basi inatoka ndani yake, ni ubongo, apewe dawa za kumtuliza na familia imchukue. Muhula ulikuwa unaisha wiki ile. Akampigia simu Mzee Mashimba, akampigia na afisa ustawi wa jamii aje kusaini makabidhiano.

Wiki hiyo wadudu wa ziwani walipanda kutoka majini kama moshi wa jikoni, wakaja mpaka uani, wakaingia mdomoni, puani, kwenye sufuria. Selina alikaa juu ya mawe, amelifunika jicho lake zima kwa kiganja, akiyatazama maji kupitia katikati ya vidole. Nilimtazama nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa sana, na hasira zangu zote hazikunisaidia kitu.

Rugemalira ndiye aliyekataa kulala na jibu lile. Mchana mmoja nilimkuta ufukweni, shingo ameizungushia skafu, anakunywa chai ya tangawizi. Mafua yalikuwa yamemshika kwa siku kadhaa na sauti ndiyo kwanza ilianza kumrudia. Aliniambia kuna zamu moja iliyokuwa inamkera. Ilikuwa zamu ya kazi, tena kazi ya shanga asiyoipenda, na dole gumba halikujificha hata kidogo. Alikuwa ameiacha akidhani ni bahati tu. Sasa alikuwa amejiuliza siku hiyo ilikuwa na nini ambacho siku nyingine hazikuwa nacho.

"Sikuwa na sauti, Odeta," alisema. "Niliingia bila kubisha hodi."

Nikawaona tena kichwani wote niliowatazama kwa majuma: mwenye shanga, mwenye nguo, mwenye vikombe, kila mmoja akisimama mlangoni kwa Selina na kusema hodi kabla ya kuingia. Mimi mwenyewe niliisema kila asubuhi kabla ya kujibanza pembeni kumtazama. Uani hakuna mlango, hakuna hodi, na uani alikunja nguo kwa amani. Kituo kizima tulikuwa na adabu.

Tulihakikisha mchana huo huo. Rugemalira aliingia kimya na shanga, Selina akatunga. Kisha nikamwomba mpishi asimame nje na kusema hodi. Dole gumba likazama ndani ya vidole, na tukamtoa Selina nje haraka.

Lakini kujua kinachoiita ngumi si kujua ngumi inatafuta nini. Rugemalira alisema kuna njia moja ya uhakika, kuiacha ije na kuipa kitu kimoja baada ya kingine mpaka tuone ni kipi kinaituliza. Nikamkatalia. Nilikaa kwenye ngazi nikafikiria hodi, hodi tu, na kilichokuja kichwani mwangu hakikutoka chuoni. Kilitoka Buzuruga nilikokulia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto ambaye tulimsikia lakini hatukuwahi kumwona. Ukienda kuomba chumvi, ukasema hodi, kwanza ulisikia miguu ikikimbia ndani, kisha mlango wa chumba cha nyuma, kisha ndipo karibu ya furaha kabisa. Sisi watoto tulidhani ndivyo nyumba ile inavyokaribisha.

Nilimsimulia Rugemalira. Aliweka kikombe chini na kwenda kumtafuta fundi seremala.

Fundi aling'oa bawaba, mlango wa bluu ukaegeshwa ukutani nje. Selina akakaa chumbani na kofia yake, mimi karibu na mkono wake wa kulia. Nje mpishi akasema hodi. Dole gumba likajificha. Selina akageuka, akatazama pale palipokuwa na mlango, akaona uwazi na mwanga na mbuzi wa jirani akipita. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha dole gumba likatoka lenyewe, taratibu, naye akarudi kwenye shanga. Tulirudishia mlango, tukaufunga, hodi ikasemwa, na safari hii dole gumba lilijificha na ngumi ikaanza kupanda. Niliudaka mkono ukiwa hewani. Nikausukuma mlango kwa mguu. Ulipofunguka tu, ngumi ikalegea. Rugemalira alitaka turudie ili awe na uhakika zaidi. Nilimtazama, akaacha.

Basi ilikuwa hivyo. Wageni wakipiga hodi, Selina alikuwa anafungiwa gizani, na huko gizani alijifunza kwamba damu ikitoka mlango hufunguliwa. Nililia pale pale mbele ya fundi, nikifuta pua kwa kanga.

Siku ya makabidhiano mzee alifika mapema na mkwe wake. Alikuwa na haraka, akatuomba radhi kwa hiyo haraka: nyumbani kwake wageni wa posa ya binti yake wa mwisho walikuwa wanafika mchana, na kama tulivyojua wenyewe, mgeni njoo mwenyeji apone. Afisa ustawi, Obedi, Msukuma wa Magu, alikuja na gari lake bovu na karatasi zake. Mama Gladness, ambaye tulikuwa tumemweleza yote na ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, alimwambia Obedi kwamba kituo hakiko tayari kumkabidhi mtoto. Akaeleza sababu. Alieleza kwa upole, akimtazama mzee.

Mzee Mashimba hakukasirika. Ndicho kilichonitia baridi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali.

"Mwalimu," aliniambia mimi, si yeye, "mlango wangu haujawahi kufungwa mgeni. Uliza Misungwi nzima."

Nikasema naamini. Obedi alijikuna kidevu. Alitaka kuona, tukamwonyesha, hodi bila mlango, dole gumba kuingia na kutoka. Hatukumwonyesha ya mlango uliofungwa, na hapo akawa hana uhakika. Alisema anatuheshimu, ila mtoto hasemi, babu anakana, mama hana neno, na yeye hawezi kumnyima mtu mjukuu wake kwa sababu ya kidole. Akamuuliza mama. Mama akaiambia sakafu kwamba ni kama alivyosema baba. Mzee akaangalia saa. Mama Gladness, kwa kununua muda tu, akasema hakuna anayetoka kwake na njaa, chakula kiko tayari.

Tulikula uani. Mzee na Obedi mezani, sisi wengine mkekani. Ugali na sato wa kukaanga. Mama Selina alikula kidogo na kilichobaki akakifunga kwenye kanga. Nilikuwa nahesabu moyoni ni maneno gani bado sijayasema, na yote nilikuwa nimeshayasema. Selina alimaliza, akachukua tonge, akalifinyanga likawa bapa. Akainuka, akaenda kwenye mlango wa stoo, akapiga magoti, akalisukuma kwa chini. Akaweka kiganja sakafuni akasubiri.

Nilimsikia mama yake kabla sijamwona. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Alisimama, akapita katikati ya mkeka akikanyaga sahani, akaenda mbele ya Obedi na kupiga magoti, mgongo wake wote ameuelekeza kwa baba mkwe wake.

"Hilo Selina ni jina la hospitali," alisema. "Nyumbani anaitwa Kulwa."

Obedi alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani polepole sana. Mpishi aliacha kumimina maji. Hakuna mtu kwetu, hata mtoto mdogo, asiyejua kwamba Kulwa hazaliwi peke yake. Anayezaliwa nyuma yake huitwa Doto.

"Doto yuko wapi?" Obedi aliuliza.

Mama alikuwa anautazama mlango wa stoo, na kiganja cha Selina kilichokuwa bado kinasubiri pale sakafuni. Mzee Mashimba alinawa mikono, akaikausha kwa leso, akavaa kofia. Akasema twendeni basi, wageni wasije wakatukosa.

Selina alibaki. Nilimwacha na Rugemalira katika chumba kisicho na mlango, na Obedi akazikunja karatasi zake bila kusaini. Ndani ya gari la Obedi, tukielekea Misungwi, mzee alikaa mbele, akiwapungia mkono anaowafahamu kila tulipopunguza mwendo. Mama Selina alikaa nyuma pamoja nami, akaniambia sikioni, kwa kuwa hata sasa hakuweza kuzungumza mzee akisikia. Doto hatembei. Tangu akiwa mdogo ameishi kwenye ghala la mahindi nyuma ya zizi, kwa sababu mapacha wawili wa namna ile wangeiharibia nyumba jina, na nyumba ilikuwa na mabinti wa kuozesha. Kulwa aliachwa acheze nje na kuteka maji, hodi ikisikika naye anafungiwa humo humo. Ufunguo anao mzee. Mama hulala jikoni ili amsikie. Kulwa ndiye aliyekuwa anamlisha mwenzake, kwa kupitisha tonge chini ya mlango, maana mkono wa mama ni mnene na haupiti. Nilimuuliza tangu Kulwa aje kwetu, Doto analishwaje. Alisema anapitisha vipande kwa kijiti, vingi hukatikia njiani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Mzee huyu alikuwa ameficha kwa miaka kumi na minne, na kilichomuumbua ni tonge la ugali.

Tulipofika wageni walikuwa wameshakaa chini ya turubai, wamevaa vizuri, soda mikononi. Walisimama wote kumwamkia mzee, wanawake wakapiga magoti. Mwadila, mwadila, wakaamkia kwa Kisukuma. Akawajibu mmoja mmoja, akauliza habari za ng'ombe na za mvua, akawaambia wasijali, hawa ni wageni wengine tu. Kisha akatutangulia kwenda nyuma ya zizi, bila kulazimishwa na mtu, kama anayekwenda kutuonyesha mazao.

Ghala lilikuwa dogo, la matofali, mlango wa mbao wenye kufuli jipya. Hapakuwa na sauti yoyote. Mzee alitoa fungu la funguo mfukoni akaanza kuzijaribu, huu siyo, huu siyo, huku akisema macho yake yamechoka siku hizi. Obedi alimnyang'anya. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa watu, na mdomo wangu ulishafunguka wenyewe kusema hodi. Nikaufunga kwa mkono.

Lakini aliyekuwa ndani alikuwa amesikia miguu yetu. Chini ya mlango, kwenye uwazi kati ya ubao na udongo, vilitoka vidole vinne vyembamba, vikapapasa kushoto na kulia. Kisha mkono ukageuka, kiganja kikatazama juu, ukatulia pale pale ambapo Kulwa alikuwa akiliweka tonge.

Nilipiga magoti nikakishika. Obedi alikuwa bado anatafuta ufunguo.